Mtutu mpya kwenye bunduki ya kuwindia: namna ya kuizero kabla ya kuingia porini

Ukibadilisha mtutu umebadilisha bunduki. Kitako ni kilekile, bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) ni ileile, darubini ni ileile uliyoizoea, lakini risasi inakokwenda sasa hakujulikani mpaka ukutafute upya na kuipatanisha darubini nako; ndiko kuizero bunduki. Wapo wanaoichukua bunduki kwa fundi, wanaipakia garini na kwenda nayo kitaluni, kwenye eneo la kuwindia, wakiamini kwamba "darubini haikuguswa". Darubini haikuguswa, kweli, ila kitu ilichokuwa imepatanishwa nacho kimekwenda kutupwa kwenye chuma chakavu.

Mwongozo huu ni wa mwindaji mwenye leseni, hasa wa Tanzania ambako uwindaji wa leseni ungalipo. Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na huko somo hili litawafaa wapiga shabaha wa vilabuni. Mfano wangu ni bunduki ya bolti ya aina ya Mauser 98 iliyotiwa mtutu mpya wa kaliba ya .30-06. Nimeichagua kwa sababu bunduki za mfumo huo ziko nyingi kwetu: za Wajerumani tangu enzi za ukoloni, kisha za Brno na CZ kutoka Chekoslovakia ya zamani. Mwenye .375 H&H afuate hatua zilezile; panapotofautiana nitasema.

Karatasi na maandishi ya kwenye chuma

Kabla ya kufyatua hata risasi moja, soma kilichoandikwa kwenye mtutu. Kaliba lazima iwe imepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, isomeke, na ilingane na leseni yako. Kama ulibadilisha kaliba pamoja na mtutu, silaha uliyo nayo mkononi si ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi. Nchini Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ofisa atakayekukagua njiani hatataka kusikia hadithi ya fundi. Malizana na polisi kwanza, uwanja wa shabaha utakusubiri.

Mtutu usio na maandishi ni hatari kuliko mtutu mbovu. Mfano mzuri ni kaliba ya 8x57 ya Wajerumani. Ile ya mwanzo ilikuwa na kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.08, kuanzia 1905 jeshi lao likahamia kichwa cha milimita 8.2. Ganda ni lilelile na risasi inaingia chemba, kile chumba chake nyuma ya mtutu, bila kinyongo. Lakini kichwa kinene kikisukumwa ndani ya mtutu mwembamba, shinikizo linapanda kuliko chuma kilivyopangiwa kubeba. Bunduki kuukuu za Kijerumani zipo, na risasi unazozikuta dukani ni za aina ya pili. Ukiwa na bunduki ya namna hiyo, yenye mtutu mpya au wa zamani, fundi aupime mtutu kwa kifaa, asiupime kwa macho.

Jambo la pili la kumuuliza fundi ni nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapogota ndani ya chemba. Hupimwa kwa vipimo viwili vya chuma: kimoja bolti lazima ifunge juu yake, cha pili lazima ikatae kufunga. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka na linaweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto inarudi usoni kwako. Simama karibu uone vipimo vyote viwili vikiingizwa. Fundi mzuri hatachukia. Atafurahi kupata mteja anayejua anachokilipia.

Kwenye nchi zenye nyumba za majaribio ya silaha, mtutu mpya hupigwa kwanza risasi zenye shinikizo kubwa kuliko kawaida, ndipo ugongwe alama. London wana historia ya kazi hiyo tangu karne ya 17, Birmingham tangu 1813, na Liège huko Ubelgiji ni wakongwe vilevile. Ukiagiza mtutu uliokwisha kufungwa huko, tafuta alama hizo. Ukifungiwa hapa nchini na zisiwepo, muulize fundi yeye mwenyewe amepiga ngapi na umwombe maganda. Ganda lenye mstari unaong'aa kulizunguka karibu na kitako, au lenye ufa, linatosha kuirudisha bunduki kwenye meza yake.

Mezani nyumbani

Toa risasi zote, ziweke chumba kingine, kisha hakikisha tena kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu.

Chukua karatasi ya kawaida, ipitishe kati ya mtutu na ubao, yaani mti wa bunduki ulio chini yake, uivute kuanzia mdomoni mwa mtutu kuja nyuma. Mitutu ya kuagiza mara nyingi ni minene kidogo kuliko ya kiwandani, na fundi asipoongeza nafasi kwenye ubao, mtutu unaugusa mahali. Unapopata joto unasukumwa upande, na matundu kwenye shabaha yanatembea. Ukikaa pwani, ubao unavimba wakati wa masika, kwa hiyo karatasi iliyopita kwa shida mwezi Januari haitapita mwezi Aprili. Karatasi ikikwama kabla ya kufika karibu na chemba, rudi kwa fundi akachonge. Zipo bunduki zilizotengenezwa mtutu uguse ubao mbele kwa makusudi. Hizo mtengenezaji wake hukuambia.

Sasa skrubu. Skrubu za kushika chuma kwenye ubao, skrubu za vikalio vya darubini, skrubu za pete zinazoishika darubini: zote zikazwe kwa kiasi alichotaja mtengenezaji. Za pete kwa kawaida ni kama nyutoni mita 2, kiasi kidogo sana kwa mkono wa mtu mzima. Ukizikaza kwa nguvu za kufungulia tairi utaibonyeza darubini na kuharibu mitambo ya ndani. Mafuta kidogo ya kwenye matundu yafutwe kabla. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha ukivuka kichwa cha skrubu na pete. Skrubu ikilegea porini, mstari utakatika na utaona bila kushika bisibisi.

Umbali wa jicho na darubini nao upime sasa, ukiwa umevaa koti au fulana utakayowindia. Kwa darubini nyingi za kuwindia ni kama sentimita 9. Kwenye .30-06 ukikosea kidogo unaponea. Kwenye .375 darubini iliyo karibu mno itakuchana juu ya nyusi, na alama hiyo wenzako wataisoma kabla hujawasimulia.

Mwisho, safisha mtutu. Fimbo iingie upande wa chemba itokee mdomoni, kamwe isianzie mdomoni, kwa sababu ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaogusa risasi mara ya mwisho na mkwaruzo mdogo pale unaharibu kazi nzima. Kitambaa chenye dawa ya kuyeyusha shaba, subiri dakika chache, kitambaa kikavu, rudia mpaka kitoke bila rangi ya kijani au bluu.

Utasikia habari ya "kuuzoeza" mtutu mpya: piga moja, safisha, piga moja, safisha, mara kumi au ishirini. Baadhi ya watengenezaji wanashauri, wengine wanasema ni kupoteza risasi. Msimamo wangu: mtutu uliong'arishwa vizuri kwa mkono hauhitaji ibada hiyo. Safisha baada ya tano za kwanza uone shaba iliyobaki, kisha endelea na kazi. Risasi ni ghali na si rahisi kupatikana. Heri uzitumie kujifunza bunduki yako.

Risasi ipi?

Hapa ndipo mtutu wa kuagiza unapojionyesha. Kila mtutu una msokoto wake, yaani urefu ambao mifereji ya ndani inatimiza mzunguko mmoja. Kwa .30-06 kawaida ni inchi 10, kwa .375 ni inchi 12. Msokoto wa kawaida unabeba vichwa vya uzito wa kawaida bila tatizo. Kama uliagiza msokoto tofauti, fundi alikuambia kwa nini, na vichwa virefu na vizito ndivyo vinavyodai msokoto wa haraka zaidi.

Nunua aina mbili au tatu za risasi za kiwandani zenye uzito unaokusudia kuwindia. Kwa .30-06 porini kwetu sioni sababu ya kushuka chini ya greni 165, na greni 180, karibu gramu 11.7, ndio uzito ninaoupenda kwa kuanzia swala pala mpaka pofu. Kwa .375 greni 300 imekuwa chaguo la watu tangu kaliba hiyo ilipotoka mwaka 1912. Usishangae risasi ya bei kubwa ikitawanyika na ile ya bei ya kawaida ikigongana tundu kwa tundu. Mtutu hausomi bei. Chemba yako, msokoto wako na umbo la kichwa vinapatana au havipatani, na hakuna jedwali litakalokuambia mapema.

Ukishaijua inayopatana, nunua maboksi mengi uwezavyo na leseni yako inavyoruhusu, yote yenye namba moja ya toleo la kiwandani. Baruti ya toleo jingine inaweza kusogeza tundu kiasi cha kuonekana.

Na angalia kichwa chenyewe kimeundwa vipi. Cha ncha laini kinapanuka na kufaa swala na ngiri. Kwa nyati, wengi hutanguliza kichwa kigumu kinachopanuka bila kusambaratika, na kizima kisichopanuka kinafuata. Hivyo viwili havipigi mahali pamoja mpaka uhakikishe, tutarudi huko.

Uwanjani

Nenda uwanja ulioidhinishwa wenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Kichwa cha .30-06 kikikosa ukuta kinaweza kusafiri kilomita kadhaa, na nyuma ya kichaka unachokiona kitupu yupo mchungaji.

Vaa vizuia sauti masikioni, na wenzako pia. Mlio wa bunduki ya aina hii ni kama desibeli 160, na madhara ya kudumu kwa sikio yanaanza kuhesabiwa kwenye 140. Wazee wengi wa porini walio wagumu wa kusikia hawakuzaliwa hivyo. Miwani nayo, hasa siku ya kwanza ya mtutu mpya.

Weka meza imara na vifuko viwili vya mchanga: kimoja chini ya ubao wa mbele, kingine chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Ukiulaza juu ya kifuko au juu ya kiti, utaruka ukipigwa na matundu yatapanda. Kwa .375 weka kifuko kidogo cha mchanga kati ya kitako na bega. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, na ukiwa umekaa mezani mwili hauna pa kurudi. Mwanamume anayekataa kifuko hicho mbele ya wenzake, akifika risasi ya sita atakuwa anafumba macho kabla ya kuvuta triga, na tangu hapo anaipima hofu yake, hapimi bunduki.

Anza mita 25. Toa bolti, laza bunduki kwenye vifuko, chungulia ndani ya mtutu kuanzia nyuma na uiweke shabaha katikati ya duara la mwanga. Bila kuigusa bunduki, inua jicho uangalie darubini, kisha zungusha vifundo vyake vya kurekebishia mpaka msalaba wa ndani yake uangukie pale pale mtutu unapotazama. Rudia mara mbili, maana bunduki husogea. Kazi hii ya bure inakuokolea nusu ya boksi. Kama vifundo vinafika mwisho kabla msalaba haujafika, usilazimishe. Vikalio vya darubini havikukaa sawa na mtutu mpya, na hilo ni la fundi.

Rudisha bolti. Pakia risasi moja tu. Piga, toa ganda, litazame: fataki, ile sehemu ya kitakoni inayogongwa na pini, isiwe imebapa au kutoboka, ganda lisiwe na ufa, na bolti iwe imefunguka bila kupigiwa kofi. Lolote kati ya hayo likitokea, funga siku. Likiwa zuri, piga la pili.

Darubini inakaa kama sentimita 4 na nusu juu ya mtutu, na kwa sababu hiyo kwenye mita 25 hutaki tundu liwe katikati. Bunduki itakayopiga katikati kwenye mita 100 hupiga kama sentimita 2 chini kwenye mita 25. Wengi hawalijui hili, wanapiga katikati mita 25 wakidhani wamemaliza, halafu kwenye mita 100 wanatafuta tundu lililopaa juu ya pale walipolenga.

Hesabu ya kliki, yaani kila mlio mmoja wa kifundo unapokizungusha, ni rahisi ukijua darubini yako imeandikwa nini. Zile zenye kliki ya sentimita 1 kwa mita 100 zinasogeza milimita 2 na nusu kwenye mita 25. Zile za robo dakika ya pembe, ambazo ni nyingi zitokazo Marekani, zinasogeza kama milimita 7 kwenye mita 100 na chini kidogo ya milimita 2 kwenye mita 25. Tuseme risasi imeangukia sentimita 5 chini na wewe unataka iwe 2 chini. Upungufu ni sentimita 3: kliki 12 juu kwa darubini ya aina ya kwanza, 16 au 17 kwa ya pili. Mshale kwenye kifundo unaonyesha tundu linakohamia, si msalaba unakohamia. Darubini za Kijerumani zinaweza kuandikwa H kwa maana ya juu na R kwa maana ya kulia.

Mita 100

Hapa usiwe na haraka. Piga tatu, ukilenga palepale kila mara bila kufuata tundu lililotangulia. Kisha fungua bolti, weka bunduki kivulini na mdomo ukielekea upande salama, na usubiri. Mtutu mwembamba wa kuwindia ukipigwa tatu chini ya jua la saa sita unakuwa wa moto kiasi cha kupandisha hewa mbele ya darubini, na shabaha inaonekana ikicheza. Ushike mtutu katikati kwa kiganja. Usipoweza kuhesabu mpaka kumi bila kuuachia, haujapoa. Watu waliozoea huanza asubuhi mapema na kufunga kabla ya saa nne, siku nyingine wanarudi alasiri.

Rekebisha kwa kutumia katikati ya kundi, si kwa tundu moja. Matundu matatu yakiwa sentimita 12 chini na 6 kushoto, kwa kliki za sentimita moja ni 12 juu na 6 kulia. Kwa robo dakika ni 16 au 17 juu na 8 kulia. Piga tatu nyingine kuthibitisha.

Ukishafika karibu na katikati ndipo ulinganishe aina za risasi. Kundi moja la matundu matatu linadanganya, linaweza kuwa zuri kwa bahati. Kila aina ipige makundi matatu ya tatu, kwenye karatasi tofauti zilizoandikwa tarehe, aina na toleo. Kati ya aina moja na nyingine piga moja au mbili zisizohesabiwa, mtutu upate kuzoea baruti mpya. Halafu zipange karatasi mezani na uchague aina ambayo kundi lake baya kuliko yote si baya sana. Nasema baya kwa makusudi. Mtandaoni watu wanaonyesha kundi lao bora. Nyati ataipata risasi yako ya wastani.

Kiwango gani kinatosha? Mtutu wa kuagiza ukikupa kundi lenye upana wa sentimita 3 kwenye mita 100 umelipwa haki yako. Lakini kwa miombo yetu, ambako wanyama wengi hupigwa chini ya mita 150, bunduki inayoweka kila kitu ndani ya sentimita 5 inatosha kwa lolote lililoko kwenye leseni. Mtu mwenye bunduki ya sentimita 2 asiyeweza kusimama wima bila kutikisika hamshindi mwenye ya sentimita 5 aliyejizoeza.

Matundu yakitawanyika ovyo kwa kila aina ya risasi, kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa mtutu kagua kwa mpangilio huu: skrubu za kitako, skrubu za darubini, karatasi kati ya mtutu na ubao, shaba ndani ya mtutu, kisha wewe mwenyewe. Mpe mwenzako anayejua apige tatu. Yakikusanyika mikononi mwake, tatizo limepatikana. Tiba yake ni risasi bandia: mwenzako akupakilie bila wewe kuona, mara ya kweli, mara ya bandia. Triga ikigonga patupu na mdomo wa bunduki ukazama chini, kila mtu ataona.

Katikati, au juu kidogo?

Kwa .30-06 yenye greni 180 una njia mbili. Ukiiweka katikati kabisa kwenye mita 100, kwenye mita 200 itaangukia kama sentimita 13 chini. Ukiiweka sentimita 5 juu kwenye mita 100, kwenye 150 itakuwa kama 3 juu, kwenye 200 kama 3 chini, na kwenye 250 kama 15 chini. Baada ya hapo inadondoka haraka. Kwenye 300 imepita sentimita 30.

Kwa nyika za wazi za kongoni na swala, sentimita 5 juu inakuondolea hesabu kichwani: lenga katikati ya kifua mpaka mita 200. Kwa pori zito na kwa bunduki ya nyati, ningeweka katikati mita 100, au hata mita 75, niishi nayo. Nyati unamkaribia. Mwindaji Bingwa, yaani mwindaji wa kulipwa anayekuongoza, akiwa anajiheshimu hatakuruhusu umpige kwenye mita 150.

Hapo mwenye .375 apige pia vile vichwa visivyopanuka. Zero ni ya kichwa cha kwanza. Cha pili kikiangukia ndani ya sentimita 5 kutoka pale kwenye mita 50, beba vyote viwili kwenye magazini moja. Kikienda mbali zaidi, tafuta aina nyingine ya kichwa kizima. Usijipe kazi ya kukumbuka tofauti mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Wapo watakaokutajia W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita na kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa kaliba ndogo ya 7x57. Ni kweli, na siri yake ilikuwa kujua ubongo uko wapi na kuupiga. Leo sheria za uwindaji Tanzania zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa tembo na nyati, na sijakutana na sababu ya kuzilalamikia.

Ondoka mezani

Bunduki iliyopimwa mezani tu ni suruali iliyopimwa mteja akiwa amekaa. Funga kitabu cha kliki, usiguse tena vifundo, na anza kupiga kwa namna utakayopiga porini.

Kwanza fimbo tatu za kulengea, zile ambazo mfuatiliaji nyayo hukusimamishia mbele. Mkono wa kushoto ushike fimbo na ubao kwa pamoja, bunduki isiruke. Piga mita 50, kisha 100. Halafu kuketi, viwiko ndani ya magoti. Halafu kuegemea shina la mti, kiganja kikiwa kati ya ubao na gome. Mwisho kusimama bila kitu, mita 40 tu, kwa siku usiyoiomba.

Tumia kisahani cha kikombe cha chai, chenye upana wa sentimita 15 hivi, kuchora duara lako. Ni karibu na eneo la moyo na mapafu ya swala pala. Umbali ambao risasi zako zote tano zinabaki ndani ya duara kwa mkao fulani ndio mpaka wako kwa mkao huo. Zikibaki ndani kwenye fimbo mpaka mita 120, basi kwenye mita 160 unamwambia Mwindaji Bingwa: tumsogelee. Si aibu, na yeye ndiye atakayelazimika kufuata damu jioni.

Fanya mazoezi ya bolti pia. Baada ya mlio, bolti ifunguliwe na kufungwa kitako kikiwa bado begani. Mtu anayeshusha bunduki atazame kama amepata amempa nyati sekunde tatu za bure.

Risasi ya kwanza ya asubuhi

Unaowinda nao ni mtutu baridi, na risasi inayohesabika ni ya kwanza. Mtutu uliosafishwa na kubaki na mafuta kidogo mara nyingi hutupa risasi yake ya kwanza nje ya kundi, wakati mwingine kwa sentimita kadhaa. Kwa hiyo nenda uwanjani asubuhi kadhaa tofauti, piga moja tu kwenye karatasi ileile, rudi nyumbani. Baada ya asubuhi chache karatasi hiyo itakuonyesha ukweli ambao makundi ya mezani hayaonyeshi. Wawindaji wengi, nami nikiwemo, huiacha bunduki iliyokwisha kupigwa risasi mbili tatu baada ya usafi, hawaisafishi ndani tena mpaka safari iishe, isipokuwa ikinyeshewa. Nje futa kila jioni.

Andika yote kwenye daftari dogo linalokaa ndani ya mfuko wa bunduki: aina na toleo la risasi, umbali wa zero, tundu la mtutu baridi linakoangukia, mpaka wako kwa kila mkao, na tarehe skrubu zilipokaguliwa.

Barabara ya kwenda kitaluni ndiyo inayovuruga kazi kuliko kitu kingine. Saa kumi za makorongo na vumbi, bunduki ikigongana na jeki, zinaweza kuilegeza pete yoyote. Ukifika kambini, kabla ya chai, mwombe Mwindaji Bingwa au askari wa wanyamapori aliye nanyi eneo salama, weka boksi tupu mita 100 na upige mbili kutoka kwenye fimbo. Zikiangukia mahali daftari linaposema, ifunike bunduki. Zisipoangukia, tazama ile mistari ya rangi ya kucha kwenye skrubu kabla hujagusa kifundo chochote.